Siku Jua Lilipopatwa Madina



 

Ndugu zangu katika imani, kiko kisa ambacho wengi wetu tulikisikia madrasa tukiwa wadogo, tukakipita haraka kama mtu anayeipita Kibuli juu ya bodaboda. Nataka leo tushuke, tukitazame vizuri. Ni kisa cha jua kupatwa Madina siku aliyofariki mtoto Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.).

Ibrahim alizaliwa na Bi Mariya, aliyetoka Misri, katika miaka ya mwisho ya uhai wa Mtume. Alinyonyeshwa na Ummu Sayf, mke wa mhunzi. Anas bin Malik (r.a.) anasimulia kwamba Mtume alikuwa akienda nyumbani kwa mhunzi huyo kumtazama mwanawe, na nyumba huwa imejaa moshi wa mivukuto. Anas hutangulia mbio kumwambia mhunzi aache kuvukuta, Mtume amefika. Baba anaingia, anamchukua mtoto, anambusu, anarudi. Tukumbuke pia kwamba wana wengine wa Mtume walikwisha kufariki Makka wakiwa wachanga, na wako makafiri waliomcheka kwa jambo hilo wakisema hana wa kumrithi. Suratul Kawthar iliteremka kuwajibu. Basi huyu Ibrahim alikuja baba akiwa na umri wa miaka sitini hivi. Hakutimiza miaka miwili. Alipokuwa akikata roho, Mtume alilia, hata Abdurrahman bin Awf (r.a.) akashangaa kumwona akitoka machozi, naye akamweleza kwamba hiyo ni rehema.

Siku hiyo hiyo jua likapatwa.

Sasa jiweke mahali pa mtu wa Madina. Huna kalenda ya wanafalaki, huna simu. Mtoto wa Mtume wa Allah amefariki, na mchana unaingia kiza. Utasema nini? Watu walisema kile ambacho mimi na wewe tungekisema: jua limepatwa kwa sababu Ibrahim amekufa. Walisema kwa mapenzi, wala hawakuwa na nia ya kudanganya mtu.

Naomba tukae hapa kidogo, kwa sababu hapa ndipo penye uzito wa kisa chote. Mtume hakuwa na haja ya kusema uongo ili afaidike na maneno yale. Angenyamaza tu. Ulikuwa mwaka wa 10 Hijria, wajumbe wa makabila wanamiminika Madina, wengine imani yao bado changa, wengine wanafiki wamo humo humo mjini. Kungekuwa na dalili gani kubwa kuliko jua kuomboleza pamoja naye? Habari ingeenea mpaka Yemen na Sham. Naye ni baba mwenye msiba, ambaye hakuna mtu angemlaumu kwa kukaa kimya siku ya kumzika mwanawe.

Hakunyamaza. Alitoka kwa haraka, akiburura nguo yake, akaswalisha watu swala ndefu sana, kisha akapanda kuwahutubia. Maana ya maneno yake, kama walivyoyapokea al-Mughira bin Shu'ba, Bi Aisha na wengineo (r.a.) na yakathibiti kwa Bukhari na Muslim, ni kwamba jua na mwezi ni alama mbili katika alama za Allah, havipatwi kwa kufa mtu yeyote wala kwa kuzaliwa kwake, na mkiona hivyo basi swalini na mwombeni Allah mpaka hali iondoke. Muujiza uliotungwa kwa ajili yake, na kwa nia njema, aliukataa mbele ya kaburi la mwanawe ambalo udongo wake haujakauka.

Nimesoma sira kwa miaka mitatu sasa chuoni, na nikiulizwa dalili ya ukweli wa Mtume inayonigusa mimi kuliko nyingi, nitataja hii. Mwongo hawezi kuitupa nafasi kama ile.

Hebu tuingie katika falaki kidogo, na wale wa kitivo cha sayansi wanisamehe nikirahisisha.

Jua hupatwa pale mwezi unapopita katikati ya jua na ardhi, na kivuli chake kikaangukia sehemu fulani ya dunia. Kipenyo cha jua ni karibu mara 400 ya kipenyo cha mwezi: kilomita milioni 1.39 kwa kilomita 3,474. Lakini jua nalo liko mbali karibu mara 400 kuliko mwezi: kilomita milioni 150 kwa kilomita 384,000 na ushei. Kwa hiyo, ukitazama kutoka hapa duniani, viwili hivi vinaonekana vina ukubwa mmoja, na kimoja kinaweza kukifunika kingine sawasawa kama kifuniko na sufuria yake. Mwezi ukiwa mbali kidogo katika mzingo wake, kifuniko hakitoshi, na pembeni unabaki mduara wa moto kama pete. Ndivyo ilivyokuwa Septemba 1, 2016 kule Rujewa, Mbeya, Tanzania, ambako watu walikusanyika kwa maelfu kuitazama pete hiyo. Na mwezi unazidi kwenda mbali nasi, sentimita 3.8 hivi kila mwaka. Hili linapimwa kwa miale ya leza inayorushwa kwenye vioo walivyoviacha wanaanga wa Apollo. Itafika siku, baada ya mamilioni mengi ya miaka, ambapo hautaweza tena kulifunika jua lote. Sisi tumeumbwa katika zama ambazo vipimo vinalingana.

Kwa nini basi jua halipatwi kila mwezi? Kwa sababu njia ya mwezi imeinama kwa nyuzi 5 hivi ukilinganisha na njia ya ardhi kulizunguka jua, na mara nyingi kivuli kinapita juu yetu au chini yetu. Katika Suratur Rahman, aya ya 5, Allah anatueleza kwamba jua na mwezi vinakwenda kwa hesabu. Neno lililotumika ni husban. Mwanafunzi wa hisabati afurahi hapo.

Katika hesabu hiyo limo jambo moja dogo lenye faida kubwa. Ili mwezi uwe katikati yetu na jua, lazima uwe katika siku zake za giza, kabla ya kuandama. Maana yake jua halipatwi ila mwishoni mwa mwezi wa Hijria, tarehe 28, 29 au 30. Mwezi nao haupatwi ila ukiwa mpevu, katikati ya mwezi. Angalia mwenyewe: kupatwa kwa Rujewa kulikuwa mwishoni mwa Dhul Qaada 1437. Kule Pakwach, huku kwetu Uganda, Jumapili ya Novemba 3, 2013, ilikuwa mwishoni mwa Dhul Hijja 1434.

Sasa wako wapokezi wa historia, akiwemo al-Waqidi, waliosema kwamba Ibrahim alifariki tarehe 10 ya mwezi. Sheikh Ibn Taymiyya, aliyefariki mwaka 1328, alilikataa hilo kwa hoja ya falaki: jua halipatwi tarehe 10, na Allah ameweka kawaida hiyo kama alivyoweka kawaida ya mwezi kuandama. Mwanachuoni wa dini, katika fatwa zake, anapima riwaya kwa mwendo wa mwezi! Baadaye, katika karne ya 19, mwanafalaki wa Misri Mahmud Pasha al-Falaki alipiga hesabu kurudi nyuma miaka zaidi ya 1,200 na kupata kwamba jua lilipatwa Madina asubuhi ya Shawwal 29 mwaka wa 10 Hijria, yaani Jumatatu, Januari 27, 632. Kwa hiyo leo tunaijua siku ya msiba ule kwa uhakika ambao hatuna kwa matukio mengi ya sira. Na tumeijua kwa sababu maswahaba walisimulia walichokiona bila kuongeza chumvi.

Kwetu Uganda nasi tuna jua letu la kihistoria. Ukitoka Kampala kwenda Mbarara, kilomita chache kabla ya kuingia mjini, utapita Biharwe. Pale pana mnara uliozinduliwa mwaka 2014 kukumbuka siku jua lilipopatwa vitani. Masimulizi ya Nkore na Bunyoro yanasema Omukama Olimi wa Bunyoro alikuja kuivamia Nkore na kuteka ng'ombe wengi, na alipokuwa akirudi na nyara zake kiza kikaingia mchana. Akaogopa, akaacha ng'ombe, akaondoka. Watu wa Nkore walipata mifugo yao wasitarajie, na katika masimulizi ikawa kama ng'ombe wameshushwa kutoka juu.

Wanahistoria walikwenda kwa wanafalaki kuuliza ni mwaka gani huo. Jibu lililoenea, na ndilo linalohusishwa na mnara, ni Aprili 17, 1520. Ukipenda Hijria, ni mwishoni mwa Rabiul Akhir 926; kanuni haivunjiki hata Biharwe. Lakini si wote waliokubaliana. Sir John Gray, jaji aliyeandika sana juu ya historia ya Uganda na Zanzibar, alipendekeza kupatwa kwa mwaka 1492. Wengine wamehoji hata kama masimulizi ya mdomo yanaweza kubeba mzigo wa tarehe namna hiyo. Mimi naona mjadala huu unapendeza kuliko mnara wenyewe. Watu wanapenda historia yao, na bado wanaulizana: unajuaje?

Mfalme wa Bunyoro alikimbia kwa sababu hakujua. Mwingine alijua, na elimu yake aliitumia vibaya. Christopher Columbus alikwama Jamaica mwaka 1504 na mabaharia wake, wenyeji wakachoka kuwalisha. Alikuwa na kitabu cha hesabu za falaki kilichoonyesha kwamba mwezi utapatwa usiku wa Februari 29. Akawaita wazee wao, akawaambia Mungu wake amekasirika na atauondoa mwezi. Mwezi ulipoanza kupotea, watu wakaja mbio na chakula wakimwomba awaombee. Wapo wanaoisimulia habari hii kwa kucheka, kama ujanja wa hodari. Mimi siioni hivyo. Mtu alikuwa na elimu ambayo wenzake hawana, akaigeuza kuwa fimbo, tena kwa jina la Mungu. Iweke hutuba ya Madina upande mmoja na hotuba ya Jamaica upande wa pili, na zote mbili ni juu ya kupatwa.

Ndugu zangu, nimekuja na yote haya kwa sababu ya simu zetu.

Kila kundi la WhatsApp la Waislamu nililomo lina mtu wa "Je, wajua?" Ni mtu mwema, tena mara nyingi ndiye wa kwanza kuchangia harambee. Asubuhi baada ya alfajiri anatuletea ajabu: sayansi imethibitisha hiki, mzungu fulani amesilimu kwa sababu ya kile, tuma kwa watu 10 upate thawabu. Na chini yake watu hamsini wanaandika SubhanAllah kabla hata ya kumaliza kusoma.

Tuchukue mbili tatu zinazozunguka hapa Kampala. Ya kwanza ni kwamba Neil Armstrong alisikia adhana mwezini, na aliposikia adhana hiyo tena Misri akasilimu. Habari hii ilianza kuenea miaka zaidi ya arobaini iliyopita, hata Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ikawaandikia maofisa wa balozi zake katika nchi za Kiislamu mwaka 1983 kuwajulisha kwamba Armstrong anasema si kweli, ila hataki kumvunjia heshima Mwislamu yeyote. Ameikanusha mpaka alipofariki mwaka 2012. Ukiacha hayo, mwezini hakuna hewa ya kubeba sauti. Ya pili ni Jacques Cousteau, mpiga mbizi mashuhuri wa Ufaransa, kwamba alisilimu alipoona bahari mbili zisizochanganyika. Alifariki 1997 na kufanyiwa ibada ya mazishi katika kanisa la Notre-Dame, Paris.

Ya tatu inahitaji adabu zaidi, kwa kuwa inagusa jambo la kweli. Ujumbe unasema NASA imethibitisha mwezi ulipasuka, na picha inaonyesha ufa unaouzunguka mwezi wote. Picha ni ya kweli. Ni bonde liitwalo Rima Ariadaeus, ambalo wanaanga wa Apollo 10 walilipiga picha mwaka 1969. Lina urefu wa kilomita 300 hivi, na mzunguko wa mwezi ni karibu kilomita 10,900. Mabonde ya namna hiyo yako mengi mwezini, na yanatokana na ardhi ya mwezi kudidimia kati ya nyufa mbili, jinsi bonde letu la ufa hapa Afrika Mashariki lilivyodidimia. NASA haikuthibitisha lolote juu ya kupasuka.

Je, mwezi ulipasuka? Sisi Ahlu Sunna tunaamini ndiyo, kwa Suratul Qamar na kwa hadithi sahihi ya Ibn Mas'ud (r.a.) na wengine. Imani hiyo ilikamilika kabla NASA haijazaliwa kwa karne kumi na tatu. Ukiitundika kwenye picha ya Rima Ariadaeus, umeihamisha kutoka kwenye msumari imara ukaitundika kwenye msumari wa karatasi.

Na msumari huo unang'oka. Muhula uliopita ndugu mmoja wa mwaka wa kwanza, anayesoma fizikia, aliandika kwa upole katika kundi letu mojawapo kwamba ujumbe wa mwezi hauko sawa, akaweka na maelezo. Alijibiwa kwamba imani yake ni dhaifu, na mwingine akamwuliza yuko upande wa nani. Hakubishana. Baada ya siku kadhaa tulikutana nje ya msikiti na akaniuliza swali ambalo sijalisahau: "Kaka, kama hii waliyoniapia si kweli, nitajuaje yale mengine waliyonifundisha ni kweli?" Alikuwa anauliza kwa dhati. Tulikaa kwenye ngazi mpaka magharibi ikaadhiniwa, nikamsimulia habari ya Ibrahim na jua, kama nilivyowasimulia ninyi. Alhamdulillah, bado tunaswali naye safu moja. Lakini nafikiri wako wengine wenye swali lile lile, ambao hawakumpata mtu wa kukaa naye kwenye ngazi.

Hapo ndipo madhara yalipo. Tunadhani ujumbe wa uongo wenye nia njema hauna gharama, kwa kuwa hakuna aliyeibiwa pesa. Gharama anailipa kijana mwenye akili ambaye aliamini kwa sababu yetu, na siku anapogundua, anatuweka wote katika fungu moja, sisi na Qur'ani tuliyodai kuitetea. Na mwenzake asiye Mwislamu anayekaa naye darasani amekwisha kuisoma habari ya Armstrong, na anacheka.

Imam Ghazali (r.a.) aliliona hili miaka zaidi ya 900 iliyopita. Katika utangulizi wa kitabu chake Tahafut al-Falasifa, ambacho amekiandika kuwapinga wanafalsafa, anasimama kwanza kutuonya kwamba habari ya kupatwa kwa jua na mwezi imesimama juu ya hesabu isiyo na shaka, na mtu anayeibisha akidhani anainusuru dini huyo ameidhuru dini. Anasema madhara yake ni makubwa kuliko ya yule anayeishambulia dini waziwazi. Angalia yalivyo makali maneno hayo, kutoka kwa mtu tunayemwita Hujjatul Islam.

Na dalili za dini katika jambo hili hazijifichi. Suratul Hujurat, aya ya 6, inatuamuru kuhakikisha habari inapoletwa, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga. Suratul Israa, aya ya 36, inatukataza kufuata tusilo na elimu nalo, na inataja masikio, macho na moyo kuwa vitaulizwa. Imam Muslim ameweka mwanzoni mwa Sahihi yake hadithi yenye maana kwamba inamtosha mtu kuwa mwongo akisimulia kila alisikialo. Kila alisikialo! Hakusema kila alitungalo. Kubonyeza "sambaza" ni kusimulia.

Nitaulizwa: kwani tusizungumze tena juu ya maajabu ya Allah? Tuzungumze sana, tena tuna ya kweli ya kutosha. Ibn Yunus, mwanafalaki wa Cairo aliyefariki mwaka 1009, aliandika kupatwa kwa jua na mwezi alikokuona yeye na waliomtangulia: saa gani, jua lilikuwa juu kiasi gani, kiasi gani kilifunikwa. Mwaka 1749 Mwingereza Richard Dunthorne alitumia kumbukumbu za Cairo za miaka ya 977 na 978 kuonyesha kwamba mwendo wa mwezi unabadilika kadiri karne zinavyopita. Wanasayansi wa zama zetu bado wanazitumia kumbukumbu kama hizo kupima jinsi ardhi inavyopunguza kasi ya kujizungusha. Al-Biruni naye alieleza kupatwa kwa jua kwa Aprili 8, 1019 alikokushuhudia huko iliko Afghanistan ya leo. Mambo hayo hayana picha ya kung'aa wala "tuma kwa watu 10", lakini yamesimama miaka elfu moja, na mwanafizikia yeyote wa Makerere anaweza kuyapima usiku huu.

Ninavyofanya mimi ni hivi. Ujumbe ukija, natafuta nani kasema, wapi, lini. Ukisema "wanasayansi" bila jina, nauacha. Ukitaja jina, natafuta kama mwenyewe aliwahi kukiri. Ukitaja hadithi, nawauliza masheikh au naangalia imepokewa na nani. Inachukua dakika tano, na mara nyingi ujumbe unafia hapo. Aliyeutuma namwandikia pembeni, si mbele ya kundi, kwa kuwa nia yake ilikuwa njema na aibu haimfundishi mtu. Akiwa mzee, naanza kwa shikamoo na kumwulizia hali ya nyumbani kabla ya kufika kwenye mwezi.

Nimalizie na jambo la kujiandaa nalo. Agosti 2, 2027, inshaAllah, jua litapatwa kabisa kuanzia Moroko, kupitia Algeria, Tunisia, Libya na Misri, mpaka Saudi Arabia, Yemen na ncha ya Somalia. Luxor, Misri, kiza kitadumu dakika 6 na ushei. Makka nayo imo katika njia ya kivuli, na mchana wa siku hiyo jua litafunikwa lote juu ya Kaaba kwa takriban dakika 5. Itakuwa mwishoni mwa Safar 1449, na mnajua sasa kwa nini. Huku kwetu tutaona sehemu tu, mwezi ukiling'ata jua upande mmoja.

Tarajieni kwamba siku chache kabla, simu zitajaa. Wapo watakaosema ni dalili ya jambo fulani litakalotokea Makka, wapo watakaotaja jina la mfalme au rais atakayekufa. Jibu lake limekwisha kutolewa Madina.

Usilitazame jua kwa macho matupu hata kama limebaki kipande. Tafuta miwani maalumu, au fanya kama alivyoeleza Ibn al-Haytham katika risala yake juu ya sura ya kupatwa: pitisha mwanga katika tundu dogo na utazame umbo lake upande wa pili. Karatasi mbili na sindano zinatosha.

Swala yenyewe ni Sunna iliyotiliwa mkazo, kwa wanaume na wanawake. Bi Asmaa bint Abi Bakr (r.a.) anasimulia kwamba alimkuta dada yake Aisha anaswali siku ile, akamwuliza watu wana nini, na Aisha akaashiria mbinguni kwa mkono. Asmaa akajiunga, na kisimamo kikawa kirefu mpaka akahisi kizunguzungu na kujimwagia maji kichwani. Kwa madhehebu yetu ya Shafi ni rakaa mbili, na kila rakaa ina visimamo viwili na rukuu mbili: unasoma Fatiha na sura ndefu, unarukuu, unainuka na kusoma tena Fatiha na sura fupi kuliko ya kwanza, unarukuu mara ya pili, ndipo unasujudu. Wenzetu Wahanafi wanaiswali kama rakaa mbili za kawaida, basi ukimkuta imamu wao mfuate. Baada yake ni hutuba, dua, istighfari na sadaka, mpaka jua lifunguke. Hakuna adhana wala iqama. Mtu mmoja anaita tu, Asswalatu jaamia, na watu wanakuja.

Wabillahi tawfiq.